Mock kapata foo ya 28, na usiku hasinzii kwa kusoma. Afanye nini kabla ya Novemba?

Dada_Kibirizi

Habari zenu ndugu. Naomba mawazo, hasa ya walimu na ya waliomaliza kidato cha nne miaka ya karibuni.

Naishi Kibirizi, Kigoma. Kazi yangu ni dagaa: nanunua mwaloni alfajiri, naanika, napaki, nauza. Tangu mama atutoke nakaa na mdogo wangu wa kiume. Yuko kidato cha nne shule ya kata, anachukua masomo ya sanaa: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hesabu. Saba tu, hana la ziada.

Matokeo ya mock, ule mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, yametoka. Kiswahili C, Hesabu F, mengine yote D. Divisheni foo, pointi 28.

Kinachoniumiza ni kwamba mtoto si mvivu. Usiku naamka namkuta na taa ya sola, daftari liko wazi, anasoma kwa sauti ya chini, na kalamu ya njano amepitisha karibu ukurasa mzima. Nikimuuliza unaelewa, anasema naelewa. Akirudi kutoka kwenye mtihani ananiambia: "Dada, kile kitu nilikuwa nakijua. Nilikuwa nakiona kabisa kwenye daftari, juu upande wa kushoto, ila maneno hayakuja."

La pili ni kazi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, boti zinaingia ziwani kila usiku, na asubuhi namhitaji anisaidie kuanika kabla hajaenda shule. Jioni tunakusanya. Sina mtu mwingine. Ratiba ninazoziona mtandaoni zinasema mtoto asome kila jioni saa fulani hadi saa fulani. Kwetu ratiba ya namna hiyo haimalizi wiki. Tuisheni naweza kulipia somo moja, si yote.

Je, bado kuna nafasi ya kutoka hapo alipo? Na asome vipi?

Kijana_Gungu

Pole sana dada. Ushauri wangu mimi: Hesabu aachane nayo. Imeshakuwa F, muda ni mdogo, akazanie masomo ya kusoma. Pia apige msuli usiku, kuanzia saa sita mpaka saa kumi, mji umetulia na kichwa kinashika. Wengi tulitoka hivyo.

Mwalimu_Ujiji

Binti yangu wa Kibirizi, pole na hongera kwa kumlea mdogo wako. Nilifundisha Historia na Jiografia sekondari mpaka nilipostaafu, na hadi leo jioni watoto wa mtaa wetu hapa Ujiji wanakuja barazani kwangu na madaftari. Kijana kama wako ninawaona wengi. Bidii ipo, lakini yote inaishia kwenye kutazama.

Tuanze na pointi, maana nikisoma matokeo yake naona mengi ya kutia moyo. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na yanahesabiwa masomo saba. Divisheni ya tatu ni pointi 22 hadi 25. Yeye ana 28. Kwa hiyo anatakiwa kupunguza pointi tatu, yaani D tatu ziwe C, na hapo atakuwa na C nne pamoja na ile ya Kiswahili. Mlango wa kidato cha tano unadai C zisizopungua tatu. Sasa tazama alama zenyewe: D inaanzia 30 inaishia 44, C inaanzia 45. Mwambie alete karatasi za mock zilizosahihishwa, muweke pamoja zile D tano, muone zipi ziko 38, 40, 42. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza. Mtoto aliyepata 41 kwenye Jiografia anatafuta alama nne. Anaweza kuzipata kwenye swali la ramani peke yake.

Kijana wa Gungu, kwa Hesabu sikubaliani nawe hata kidogo. Huyu mtoto ana masomo saba tu, hakuna la nane la kufunika shimo, kwa hiyo hiyo F inahesabiwa. Akiitoa kwenye F kwenda D ameokoa pointi moja. Na D ni alama 30. Karatasi ya Hesabu ya kidato cha nne ina maswali 14: sehemu A maswali kumi ya alama sita sita, sehemu B maswali manne ya alama kumi kumi. Matano tu ya sehemu A yakikamilika, 30 imefika. Kwa hiyo asiguse kitabu kizima. Achague mada sita hivi ambazo huulizwa sehemu A na hazina matawi mengi: seti, uwiano na faida na hasara, mfuatano na mfululizo, milinganyo ya kipeo cha pili, vipeo na logi, Pythagoras na trigonometria ya pembetatu. Azifanye hizo mpaka mkono uzoee, na aonyeshe njia yote, maana njia ina alama zake hata jibu la mwisho likipotea. Kama una fedha ya tuisheni ya somo moja, ipeleke huko. Historia hahitaji mtu wa kumlipa.

Sasa lile alilokuambia, kwamba alikiona kwenye daftari ila hakikuja. Amesema kweli tupu, na humo ndimo shida yote ilimo. Wewe mwalo mzima unawatambua wateja wako wakipita, lakini nikikuambia funga macho unitajie wote walionunua kwako mwezi uliopita, utakwama. Kutambua ni kazi moja, kuleta kisichokuwepo mbele yako ni kazi nyingine, na mtihani unadai hiyo ya pili. Yeye kila usiku anafanya mazoezi ya ile ya kwanza. Kila akirudia ukurasa unazidi kuwa mwepesi machoni, anauona umezoeleka, anadhani umeingia. Kalamu ya njano ndiyo inaongeza udanganyifu huo.

Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi walipewa kifungu cha kusoma. Kundi moja likakirudia kukisoma, kundi jingine likafunga karatasi likaandika lile linalokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ukiyajua haya unaelewa kwa nini mdogo wako anaridhika usiku na kulia mchana. Usiku ule ule kweli anajua. Wiki ikipita hajui.

Kwa hiyo badilisheni jambo moja kabla ya mengine yote: daftari lifungwe. Asome kurasa mbili au tatu, polepole, mara moja. Afunge. Achukue karatasi tupu aandike kila anachokumbuka, kwa maneno yake, kwa mpangilio wowote. Akikwama akae nalo dakika mbili tatu, asikimbilie kufungua, maana kule kukwama na kutafuta ndiko kunakojenga. Kisha afungue, achukue kalamu ya rangi nyingine, ajaze alichosahau. Yale ya rangi nyingine ndiyo masomo yake ya kesho. Hayo mengine anayajua, asipoteze nayo mafuta.

Nikupe mfano wa Historia. Mada ya biashara ya masafa marefu. Mtoto wa Kigoma kuishindwa mada hii kunanisikitisha, kwa sababu imepita mlangoni kwake. Njia ya kati ilitoka pwani, ikapita Tabora kwa Wanyamwezi, ikaishia Ujiji hapa nilipoketi. Ni njia hiyo hiyo iliyomleta Stanley mpaka akamkuta Livingstone hapa mwaka 1871. Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi alipata nguvu kwa kuishika njia hiyo, akafa mwaka 1884, mwaka ule ule mkutano wa Berlin ulipofunguliwa. Reli ya Wajerumani ikafuata karibu nyayo zile zile ikafika Kigoma mwaka 1914. Sasa aseme mwenyewe, daftari limefungwa: kwa nini biashara ilistawi, nani walishiriki, bidhaa gani zilipanda na zipi zilishuka, ilianguka kwa nini, iliacha nini. Akiweza kunieleza hayo kwa Kiswahili barazani bila kutazama popote, insha tunayo. Kinachobaki ni kuipanga: utangulizi, hoja zake, kila hoja na mfano wake, hitimisho. Aliyeandika "wafanyabiashara walifika bara" na aliyeandika "misafara ilipita Tabora mpaka Ujiji" hawapati alama sawa.

Nije kwenye ratiba, ambayo nadhani ndiyo iliyokukatisha tamaa. Hizo ratiba za mtandaoni ziliandikwa na watu wanaoishi kwa wiki. Nyumba yako inaishi kwa mwezi wa angani, basi na masomo yafuate mwezi huo huo.

Siku za giza, msijidanganye na vipindi virefu. Asubuhi mnapoanika na kugeuza, wewe umuulize maswali kwa mdomo. Huna haja ya kujua jibu. Shika daftari lake, soma kichwa cha habari, mwambie akueleze, wewe fuatisha kwa kidole uone alichoruka. Jioni baada ya kukusanya, nusu saa tu: karatasi tupu ya mada moja, kisha maswali machache ya mada ya juzi na ya wiki iliyopita. Hilo la kurudia ya juzi na ya wiki iliyopita asiliache hata akichoka. Ebbinghaus wa Ujerumani alijipima mwenyewe kwa miaka, akachapisha mwaka 1885, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoka ndani ya siku ya kwanza, ila ukirudi kujifunza upya kazi inakuwa nyepesi kuliko mara ya kwanza. Nusu saa kila jioni kwa siku nne inakaa kichwani kuliko saa mbili za usiku mmoja. Kwa hiyo siku zako za giza si hasara kama unavyofikiri.

Mbalamwezi ikiwaka boti zinapumzika, na hapo ndipo mahali pa pepa nzima. Muda wa saa tatu mfululizo, mezani, simu mbali, karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita, bila daftari. Kuanzia sasa mpaka Novemba mtapata mbalamwezi tatu hivi. Ya kwanza afanye Jiografia, Uraia na Historia. Ya pili Baiolojia, Kiingereza na Hesabu. Ya tatu arudie yale matatu yaliyokuwa mabaya kuliko yote. Kiswahili anakiweza, kipate kipande kidogo katikati kisipoe.

Na usiku alale. Ubongo unapanga na kuimarisha yaliyoingia mchana wakati mtu amelala. Mtoto anayeamka alfajiri kwenda mwaloni, akishakesha mpaka saa kumi, darasani anakuwa mwili tu. Taa izimwe saa nne.

Isevya_Tabora

Naunga mkono mwalimu kwa yote. Mimi nilisoma shule ya kutwa hapa Tabora, sasa niko chuo. Naongeza mawili.

La kwanza, kadi. Kata karatasi ngumu, hata maboksi ya sabuni, vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Boksi la viatu liwe na vyumba vitatu. Kadi zote zinaanza chumba cha kwanza, unazipitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia chumba cha pili, hiyo unaiona baada ya siku tatu. Ukijibu sawa tena, inakwenda cha tatu, unaiona baada ya wiki. Ukikosea popote, inarudi cha kwanza. Utaratibu huu ni wa mwandishi Sebastian Leitner, aliueleza mwaka 1972, na uzuri wake ni kwamba kadi unazozijua zinakuondokea zenyewe, zinabaki zile zinazokutesa. Unabeba ishirini mfukoni unasoma ukiwa kwenye foleni ya maji. Ila zitumie kwa tarehe, maana za istilahi, fomula, sehemu za mwili. Insha huwezi kuisoma kwa kadi, nimeona watu wakijaribu wakapotea.

La pili, kundi. Tulikuwa wanne, tunakaa chini ya miembe nyuma ya nyumba ya mwenzetu. Makundi mengi yanakufa kwa sababu mmoja anasoma daftari kwa sauti, wengine wanaitikia. Sisi kila mtu alikuja na jibu lake la swali moja, limeandikwa kabisa, tunabadilishana na kusahihishana kwa alama. Ukimsahihisha mwenzako unaanza kuona anavyoona msahihishaji: huyu kaandika nusu ukurasa lakini hoja ni moja, huyu kataja bila kueleza. Baada ya hapo huwezi tena kuandika hovyo.

Watatu wanatosha. Wakizidi watano inakuwa kijiwe.

Mama_Kasulu

Naomba niulizie hapo hapo. Binti yangu nyumbani anajibu kila kitu, lakini akiingia chumba cha mtihani anatetemeka, anaanza swali gumu, muda unaisha ameacha mengine. Huyu naye ni mambo ya karatasi tupu au ana lingine?

Mwalimu_Ujiji

Mama wa Kasulu, huyo anahitaji zile pepa za saa tatu kuliko mtu yeyote. Hofu nyingi ya ukumbini inatokana na ugeni. Hajawahi kukaa na karatasi nzima mbele yake na saa inakwenda, mara ya kwanza inakuwa siku yenyewe ya Baraza la Mitihani. Akishafanya nzima kadhaa nyumbani, mikono inatulia.

Mfundishe na hesabu ya dakika. Mtihani ni dakika 180, alama 100, kwa hiyo kila alama inapata chini kidogo ya dakika mbili. Chukua Baiolojia au Historia: sehemu A ina alama 16, aipe dakika 20. Sehemu B maswali sita ya alama tisa tisa, dakika 15 kila moja. Sehemu C achague mawili kati ya matatu, alama 15 kila moja, dakika 25. Zinabaki dakika 20 za kusoma maswali mwanzoni na kupitia mwishoni. Aandike pembeni kwa penseli saa ya kuanza kila sehemu. Swali likimgomea aache nafasi, asonge. Na namba ya mtihani iandikwe kwenye kila ukurasa kabla ya jambo lolote.

Tena asianze na gumu. Asome yote, aanze na analolimudu. Pumzi ikirudi, hilo gumu mara nyingi linafunguka lenyewe.

Dada_Kibirizi

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili, nikamsomea na yeye. Tumetoa karatasi za mock: Jiografia 42, Uraia 41, Historia 39, Baiolojia 36, Kiingereza 34. Nilivyomwonyesha kwamba C iko alama tatu mbele kwenye Jiografia alinyamaza, kisha akaomba karatasi tupu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria nimtafutie kazi ya boti.

Maswali yangu yaliyobaki. Kwanza, Kiingereza. Anaeleza vizuri kwa Kiswahili, akiambiwa aandike kwa Kiingereza anakariri sentensi za daftari neno kwa neno. Pili, majibu ya pepa za nyuma tutayasahihisha vipi, mimi niliishia kidato cha pili.

Mwalimu_Ujiji

Marahaba binti yangu. Hiyo 42 imenifurahisha. Na kazi ya boti isubiri kwanza.

Nianze na la pili. Baraza la Mitihani linaweka kwenye tovuti yake, bila malipo, taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na ya kwake. Watu wengi wanapakua maswali tu, hii hawaigusi, na kwangu mimi ina thamani kuliko kitabu chochote cha maswali na majibu cha mitaani. Inachukua swali moja moja, inasema swali lilitaka nini, watahiniwa walifanya vizuri au vibaya kiasi gani, na waliokosea walikosea kwa sababu gani. Kisha inaweka picha ya jibu zuri na picha ya jibu bovu, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Pakua ya Jiografia, Uraia na Historia za miaka miwili mitatu. Akimaliza pepa, aweke jibu lake katikati ya yale mawili ajiulize linafanana na lipi. Hata wewe wa kidato cha pili utaona tofauti. Pale msipopaona, mtafuteni mwalimu wa somo shuleni na swali moja mahususi. Mwalimu akiendewa na "sielewi Jiografia" hana pa kuanzia, lakini akiendewa na "kwa nini hapa nilipewa mbili kati ya tisa" ataketi naye.

Kiingereza sasa. Kukariri sentensi ndefu za daftari kunamponza kwa sababu akisahau neno la tatu, sentensi nzima imekufa. Mpange hivi. Aeleze hoja kwa Kiswahili mpaka ieleweke. Aandike maneno ya msingi ya Kiingereza ya mada hiyo, kumi au kumi na mawili, hayo ndiyo ya kukariri, kwa kadi kama alivyosema kijana wa Isevya. Kisha kila hoja aijenge kwa sentensi tatu fupi zake mwenyewe: ya kwanza inataja, ya pili inaeleza, ya tatu inatoa mfano wa mahali au wa mtu. Fupi na sahihi. Mtoto wa shule ya kata akijaribu Kiingereza cha mapambo anaishia kupoteza hata hoja aliyokuwa nayo. Akizoea hizo sentensi tatu kwenye Historia na Uraia, somo la Kiingereza lenyewe litapanda pia, sehemu ya utungaji.

Na ajifunze neno la kwanza la kila swali linaamuru nini. Lipo linalotaka kutaja tu, lipo linalotaka maelezo, lipo linalotaka tofauti, lipo linalotaka upime pande mbili. Anayeandika kurasa mbili pale palipotakiwa kutaja amejinyima muda, na aliyetaja palipotakiwa maelezo amejinyima alama. Akikaa na pepa kumi akapigia mstari maneno hayo tu bila kujibu, ni kazi ya jioni moja ya siku za giza, na ina faida kubwa.

Jiografia nimeiacha mwisho kwa makusudi, maana nitaizungumza hata usiku kucha. Ramani haikaririwi, inafanywa. Kupima umbali wa reli au barabara kwa uzi na kuugeuza kwa kipimio, kusoma gridi, kutafuta uelekeo, kueleza umbo la nchi kwa kontua. Afanye ramani nne za mitihani ya nyuma, ya tano atafanya haraka bila wasiwasi. Na akiulizwa bonde la ufa, asiandike tu mfano wa mbali wa kwenye kitabu. Anaamka kila siku mbele ya ziwa la bonde la ufa lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Aeleze lilivyotokea, achore, aandike jina lake.

Dada_Kibirizi

Asante mwalimu, Mungu akuweke. Jumamosi hii mbalamwezi inaingia, ataanza na pepa ya Jiografia. Baiolojia yake 36, hiyo tuipeleke mbalamwezi ya pili kama ulivyosema au tuanze nayo kidogo sasa?

Mwalimu_Ujiji

Pepa nzima iende ya pili, lakini mada ianzeni sasa kwa mdomo, asubuhi mnapoanika. Chukueni uainishaji wa viumbe, wengi wanaukimbia kwa sababu ya majina. Aweke dagaa mmoja kwenye kiganja akueleze kwa nini anaingia kundi la samaki wenye mifupa: matamvua yaliyofunikwa, mapezi, magamba, uti wa mgongo. Kisha mgebuka, yule samaki mwingine wa ziwa letu: wanafanana wapi na dagaa, wanatofautiana wapi. Aandike vipengele hivyo kwa Kiingereza jioni, na mchoro wenye majina ya sehemu. Akimaliza samaki aende amfibia, reptilia, ndege, mamalia, kila kundi sifa nne na mnyama mmoja anayemjua. Urithi na jenetiki mwachie wiki inayofuata, hiyo inataka meza.

Isevya_Tabora

Dada, karatasi zangu za uchambuzi za Uraia na Baiolojia bado ninazo, nilizichapisha. Kuna ndugu yangu anakuja Kigoma na treni wiki ijayo. Nitampa, mtapanga mkutane stesheni.

Dada_Kibirizi

Nitakuja stesheni mwenyewe. Na pepa ya Jumamosi nikishaipata nitaipiga picha niilete hapa mwalimu aitazame.